Picha Iliyolala Mahabusu

Akelo hakwenda nyuma ya ile migomba kutafuta habari. Alikwenda kuchimba dawa.

Alikuwa amesimama juani tangu saa mbili asubuhi, kamera shingoni, chupa mbili za maji zimekwisha kuingia tumboni, na Mheshimiwa aliyekuwa anasubiriwa alikuwa bado njiani. "Amekaribia sana," mshereheshaji alitangaza kila baada ya nusu saa, kwa sauti ileile ya furaha. Kijiji cha Mwabulenga, upande wa Magu, kilikuwa kimepambwa mpaka kikasahau sura yake. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa kwa bidii kiasi kwamba hata mbuzi mmoja aliyekuwa amelala karibu na jukwaa alipata doa jeupe mgongoni. Ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe, ilikwisha kuchezwa mara tatu, na wachezaji walikuwa wameegemea majembe yao kama watu wanaofikiria kwenda kulima kweli.

Katikati ya uwanja lilisimama bomba jipya la maji, limefungwa utepe. Ziwa lenyewe lilikuwa palepale. Mtu mwenye mkono mzuri angeweza kulifikia kwa jiwe. Lakini tangu kijiji kiwe kijiji, maji yalipanda kutoka ziwani juu ya vichwa vya akina mama. Leo Mheshimiwa alikuwa anakuja kuvipumzisha vichwa hivyo.

Basi Akelo akakata kona nyuma ya zahanati, akapita kwenye migomba, na pale akasahau kabisa kilichompeleka.

Kulikuwa na simtanki kubwa jeusi juu ya mawe. Ngazi ya miti ilikuwa imeegemezwa ubavuni mwake. Akina mama sita, wote wamevaa fulana za njano zilizoandikwa MAJI YAMEFIKA, walikuwa wamejipanga kutoka chini hadi juu ya ngazi wakipokezana ndoo, na aliyekuwa juu kabisa alikuwa akizimimina ndani. Chini ya tanki ulitoka mpira mweusi, ukaingia kwenye mtaro uliofukiwa harakaharaka kwa majani, ukaelekea uwanjani.

"Shikamooni, mama zangu," alisema Akelo. "Mnafanya nini?"

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," alijibu yule wa juu ya ngazi, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Jina lake, alivyokuja kujua, lilikuwa Suzana. "Si tunatengeneza mradi?"

"Na pampu?"

"Pampu ipo Dar es Salaam, inakuja. Mheshimiwa ameiwahi."

Wakacheka wote, na Akelo naye akacheka, na mkono wake ukawa umekwisha kuinua kamera kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa baada ya mapacha, kama jina lake linavyosema kwa Wajaluo, na tangu utotoni alizoea kuona mambo kutokea nyuma, wakati watu wote wanawatazama waliotangulia.

"Ngoja!" Suzana alipiga kelele. "Unapiga picha mtu hajajifunga vizuri? Ngoja kwanza." Akashuka ngazi mbili, akakaza kitenge, akapanda tena, akainua ndoo juu kama mwenye kombe la ubingwa. "Haya. Piga."

Akapiga. Wakageuka upande wa pili, akapiga. Mmoja alitaka ya peke yake, akapata. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, dada mwembamba aliyeitwa Evelina, mke wa mtendaji wa kijiji. Yeye aligeuka akampa kamera mgongo, akawa anacheka na ndoo usoni: "Mimi usinitie! Mume wangu ndiye aliyeleta hii mipira!"

"Utatuletea?" Suzana aliuliza. "Wapiga picha wengi hupiga wakaondoka."

"Nitawaletea," alisema Akelo, kwa wepesi ambao mpiga picha yeyote huahidi nao kila siku.

Vicheko vilikatika. Akelo aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana wa suti nyeusi na miwani ya jua, mikono nyuma, anatabasamu kwa midomo tu.

"Dada, umepotea?"

"Nilikuwa natafuta choo."

"Choo kipo kule. Kamera ni ya nini chooni?"

Majibu mazuri kama kumi na moja hivi Akelo aliyapata baadaye. Kijana alimvua kamera, akamshika mkono juu ya kiwiko, bila nguvu nyingi, mahali panapoumiza. Wakati wanapita nyuma ya jukwaa kuelekea kwenye gari la polisi, ving'ora vililia, msafara ukaingia, na ngoma ikaanza mara ya nne. Kutoka ndani ya gari, kupitia kwenye nyavu za dirisha, Akelo aliona utepe ukikatwa. Bomba likakohoa, likatema hewa, kisha likatoa maji. Watu wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akaletewa glasi, akakinga, akanywa yote.

Ilikuwa picha nzuri sana, na yeye hakuwa na kamera.

*

Mkuu wa kituo walichompeleka mjini Mwanza aliitwa Afande Chenge, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa uzi wa kiatu. Alimkaribisha kiti. Alimwuliza kama amekula. Kisha akafungua faili na kusema kwamba anatuhumiwa kwa uchochezi, na kwa kupiga picha mitambo ya serikali bila kibali.

"Mitambo ipi, afande?"

"Tanki."

"Lile simtanki?"

"Ni la serikali. Ni mtambo." Chenge alivaa miwani. Pembeni yake konstebo mmoja kijana, Elias, alikuwa ameshika kalamu kuandika maelezo. "Sasa tuambie ukweli na mambo yatakuwa mepesi. Nani alikutuma kwenda kule nyuma?"

"Kibofu, afande."

Elias akaandika, akasita. "Kibofu ni jina la kwanza au la ukoo?"

Chenge alivua miwani akamtazama konstebo wake kwa muda mrefu, kama baba anayetazama ripoti ya shule. Akelo alijiuma midomo. Ndani yake kicheko na hofu vilikuwa vimekaa kwenye kigoda kimoja, na hakujua kipi kitaanguka kwanza.

Maana hofu ilikuwepo. Mwaka uliopita mwenzake mmoja wa kazi, Jonathan, alipiga picha za mgambo wakiwapiga wachuuzi. Walimchukua kwa siku kumi na moja, na hakuna kituo kilichokubali kuwa naye. Alirudi akitembea vizuri, anasalimia watu vizuri, ila mkono wake wa kulia hauinuki tena kupita bega. Sasa anauza makava ya simu sokoni Makoroboi. Watu hununua kwake kwa kumhurumia, naye hataki kusikia neno kamera. Akelo alimfikiria Jonathan wakati anavua mkanda na kamba za viatu kaunta, na aliendelea kumfikiria mlango wa mahabusu ya wanawake ulipofungwa. Alijikuta ananyoosha mkono wa kulia juu, polepole, kuona unafika wapi. Ulifika. Akaushusha haraka, kabla wenzake watatu waliokuwa humo hawajadhani anaomba ruhusa ya kuuliza swali.

Siku ya kwanza wakamwita mara mbili: nani alikutuma. Siku ya pili akaja yule wa miwani ya jua mwenyewe. Hakupiga kelele. Alitaja jina la mtaa anaoishi Akelo kule Igogo, rangi ya mlango wake, na jina la mama yake aliyeishi mkoani Mara, kisha akaondoka bila kuuliza chochote. Siku hiyo Akelo hakutania na mtu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alisikia sauti ya kuitia ng'ombe.

Mahabusu ilikuwa nyuma tu ya kaunta, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Tumefuata picha zetu," alisema Suzana.

"Picha gani, mama?" Hiyo ilikuwa sauti ya Elias.

"Zetu. Tulipigwa Jumanne. Dada akatuahidi. Sasa tumeambiwa zimekamatwa, ziko hapa."

Kaunta siku hiyo ilikuwa imejaa. Kulikuwa na waliopotelewa na vitambulisho, vijana wa bodaboda waliofuata pikipiki zao, na bibi mmoja aliyekuja kushitaki jogoo wa jirani. Wote wakageuka kutazama. Akelo alipanda juu ya ndoo ya humo ndani, akachungulia kwenye upenyo wa juu ya mlango. Walikuwa akina mama watano, wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na fulana yake ya njano: MAJI YAMEFIKA. Evelina tu hakuwepo.

"Picha za nini, mama?" kijana mmoja wa bodaboda alidakia.

Suzana hakuwa mtu wa kuulizwa jambo mara mbili. Aligeukia umati. Akaeleza tangu mtendaji alipowaamsha alfajiri, ndoo ngapi zilikwenda ndani ya tanki, mpira ulipita wapi, namna yeye alivyokaa juu ya ngazi. Alipofika kwenye ngazi alionyesha kwa vitendo, na wenzake wakampokeza ndoo za hewa. Bibi wa jogoo alicheka mpaka akakaa chini.

Afande Chenge akatoka ofisini. "Mama zangu, hebu taratibu. Hizo picha ni kielelezo."

"Shikamoo, mkuu. Kielelezo cha nini?"

"Cha kosa."

"Kosa lipi? Sisi kujaza maji?"

"Hapana, ninyi hamna kosa."

"Mtendaji aliyetuagiza?"

Chenge alikohoa. "Sijasema mtendaji ana kosa."

"Haya. Mimi nimeishia darasa la saba, mkuu, nieleweshe. Tuliofanya hatuna kosa, aliyetuagiza hana kosa. Sasa huyu binti aliyetutazama tu tukifanya kisicho kosa, yeye kakosea wapi?"

Akelo, juu ya ndoo yake, alishika nondo za upenyo kwa mikono miwili.

"Kinachonihuzunisha," Suzana aliendelea, sasa kwa sauti ya chini ya mtu mwenye huruma ya kweli, "ni yule Mheshimiwa. Ameyanywa yale maji, glasi nzima! Hakuna aliyemwambia. Sisi wenyewe tunayachemsha kwanza. Naomba mumpigie, mkuu, mumwulize tumbo linaendeleaje."

Kituo kizima kililipuka. Hata Elias aligeukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Simu zilikuwa zimeinuliwa zamani, tano, sita, nane. Chenge alizitazama moja baada ya nyingine, na Akelo aliweza kuona anavyopiga hesabu: kumkamata mpiga picha mmoja ni kazi ya dakika tano, lakini kukamata foleni nzima kunahitaji lori. Akarudi ofisini, akafunga mlango, na akaongea na simu kwa muda mrefu akisema "ndiyo mkuu" na "hapana mkuu" na mara moja "alitaja tumbo, mkuu, ndiyo, tumbo".

Jioni kabla jua halijazama, Akelo alitoka kwa dhamana. Masharti yalikuwa kuripoti kila Jumatatu, kutotoka mkoani bila ruhusa, na kamera kubaki.

*

Kamera ilibaki wiki tatu. Jumatatu ya nne Chenge alimwita ofisini, akamsogezea kamera juu ya meza, na kando yake bahasha yenye memori kadi.

"Tumeisafisha," alisema. "Haina kitu."

"Asante, afande."

"Binti." Aliinuka, akafunga mlango, akabaki amesimama karibu nao. "Mimi nina mwaka mmoja nistaafu. Safari hii uliletwa kituoni, ukaandikwa kitabuni, watu wakajua uko wapi. Wapo wasioleta watu kituoni. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

"Basi ukibanwa tena porini, vumilia."

Akelo alitoka akiwa hajui kama ametishwa au amelindwa. Alipofika kwake Igogo alifunga mlango, akafunga na dirisha, akaiweka kadi kwenye kompyuta. Kila mpiga picha anajua kwamba kadi iliyosafishwa na mtu asiyejua huwa kama sakafu iliyofagiliwa na mtoto: taka zote ziko pembeni. Alikaa na programu ya kufufua mafaili mchana kutwa. Kati ya picha arobaini na moja zilirudi tisa. Nyingine zilikuwa nusu, nusu iliyobaki ni kijivu kitupu. Kulikuwa na moja ya miguu na ndoo tu. Lakini moja ilirudi nzima. Akina mama kwenye ngazi, maji yako hewani yanametameta, Suzana amefungua mdomo anacheka, mpira mweusi unaonekana wote mpaka unapoingia mtaroni. Pembeni kushoto, Evelina na mgongo wake.

Aliitazama akafurahi mpaka akasimama. Kisha akakaa tena, kwa sababu ya ule mgongo.

Alhamisi iliyofuata, siku ya gulio, alikwenda Mwabulenga bila kamera, nakala sita za picha zikiwa chini ya vitunguu kwenye kikapu. Suzana na wenzake walizipokea kwa shangwe, wakabishana nani ametoka vizuri. Alipowaambia kwamba anataka kuitoa gazetini, na kwamba inaweza kuwaletea matata, Suzana alimtazama kama mtu aliyeuliza kama maji ni majimaji. "Tumeshakwenda polisi wenyewe, ng'wanone. Tujifiche wapi tena?"

Akelo alimkuta Evelina peke yake, anachambua dagaa. Evelina aliishika picha muda mrefu.

"Mgongo wangu ni mpana hivi?"

"Ni ndoo hiyo, dada. Nani atakujua kwa mgongo?"

"Kilemba hiki wanakijua mpaka Nansio kisiwani. Mume wangu aliniletea kutoka huko." Aligeuza dagaa kwenye ungo. "Wameshamwita mara mbili, wanamwuliza nani alikupa njia. Nilitaka kwenda na wenzangu siku ile, Akelo. Nilivaa fulana, nikafika barabarani, nikarudi."

Akelo aliomba mkasi. Evelina alileta ule wa kukatia mapezi ya samaki, na palepale, juu ya ungo, Akelo alikata picha wima, akamkabidhi upande wake. "Hii ni yako. Gazetini itatoka hii nyingine."

Evelina alikiweka kile kipande kifuani, ndani ya gauni, akarudi kwenye dagaa wake, macho yamemlowa.

Mhariri wa gazeti, Josephat, alikuwa mtu mwoga mwenye akili nyingi, na Akelo alishajifunza kwamba mara nyingi hivyo viwili hutoka kiwandani pamoja. Aliitazama picha, akashika kichwa. "Watatufungia. Kuna watu ishirini hapa wanakula kwa gazeti hili." Akatembea hadi dirishani, akarudi. Akatembea tena. Mara ya tatu alirudi anatabasamu, akakaa, akaandika maelezo ya picha kwa mkono wake mwenyewe:

*Akina mama wa kijiji cha Mwabulenga wakishiriki kikamilifu kufanikisha uzinduzi wa mradi wa maji.*

"Nani atalalamikia hapo?" aliuliza. "Ni sifa tupu. Ukurasa wa tisa, chini, karibu na michezo. Na hapa tunaweka 'Na Mpiga Picha Wetu'."

"Weka jina langu."

"Una wazimu? Wanajua mpaka rangi ya mlango wako."

Akelo alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Alikuwa amemfikiria mama yake, na Jonathan, na kijana wa miwani anavyotamka majina polepole. "Wanajua kwamba ni mimi, Josephat. Wasiojua ni wasomaji. Nikipotea kesho, nataka watu wawe wamewahi kulisoma jina langu mahali. Weka."

Josephat akaliweka.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Kufika saa sita mchana ukurasa wa tisa ulikuwa umepigwa picha na kurushwa kwenye magrupu zaidi ya kurasa zote za kwanza za mwaka mzima, na neno "kikamilifu" likawa msemo wa mjini. Mtu akisukuma gari lililozimika, wapita njia wanampigia kelele: "Shiriki kikamilifu!" Kutoka kwa wakubwa haikutoka kauli yoyote, maana ni vigumu kukanusha pongezi. Wiki mbili baadaye lori liliingia Mwabulenga kimyakimya, bila ngoma wala chokaa, likashusha pampu. Inafanya kazi siku nyingi, si zote.

Lakini kijana wa miwani pia alionekana, siku mbili mfululizo, amekaa kwenye kibanda cha soda mbele ya nyumba ya Akelo, anakunywa taratibu, hasomi chochote. Akelo akahamia kwa binamu yake kwa mwezi mzima. Alibadilisha njia ya kwenda kazini, na alijifunza kutazama nyuma kwenye vioo vya maduka. Mama yake alipiga simu akilia, akamwomba apige picha za harusi tu. Alizipiga nyingi mwezi huo, na zilikuwa nzuri.

Asubuhi ya Jumatatu moja alikuwa anafunga viatu kwenda kuripoti kwa Afande Chenge, simu ikaita. Alisikia ile sauti kabla hajaiweka sikioni.

"Akelo! Gazeti limenifikia leo. Limefungiwa maandazi, lakini nimelinyoosha."

"Shikamoo, mama Suzana. Umeipenda?"

"Marahaba. Nimeipenda nini? Mbona mmenikata miguu?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama. Mhariri ndiye—"

"Mpe simu huyo mhariri."

"Sipo naye, niko nyumbani. Naelekea polisi."

"Polisi tena? Unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

Upande wa pili ikasikika sauti ya Suzana ikiwaita wenzake nje, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

"Nenda mdogomdogo," alisema aliporudi. "Tunapanda gari saa hizihizi. Usiingie mpaka utuone."